KUIWASHA BODI BILA YA KUIUNGUZA

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani uliofanyika ndani ya maabara ya Fizikia.)



Kamati iliponiandikia barua ilinitaka niseme juu ya "teknolojia ya kisasa". Niliomba nipunguziwe mzigo, maana maneno hayo ni mapana kama bonde la Ruvuma mtu akilitazama kutoka Shimo la Mungu pale Newala: unaona mbali sana, lakini hakuna unachoweza kukishika. Kwa hiyo nitasema juu ya vitu kumi tu. Vyote vimo katika kabati lile la nyuma, na kufuli lake mnaliona.

Mwaka jana chama chetu kilichanga fedha kikanunua bodi kumi za majaribio ya maikrokontrola. Madhumuni yalikuwa kwamba vijana wa kidato cha tatu na cha nne wazitumie kutengeneza kipimo cha maji katika lile tangi kubwa la saruji nyuma ya bweni. Hadi leo kipimo hicho hakijatengenezwa. Bodi mbili zilikufa katika juma la kwanza, na nane zilizobaki zikafungiwa. Alasiri ya leo mkutano utapiga kura: ama fedha zilizosalia katika mfuko ziendeleze kazi hii, ama ziende kwenye jezi na mipira. Mimi sina ugomvi na mpira. Wapo hapa watu wanaokumbuka nikicheza, na wamekuwa waungwana hata hawakutaja. Lakini kabla hamjanyosha mikono, naomba mjue zile bodi mbili zilikufa kwa sababu gani, na muone kwa macho yenu kwamba hizi nane zaweza kuwashwa leo hii bila ya hatari yoyote.

Kwanza nieleze kwa nini tangi. Wenyeji wa Masasi wanaoishi kule chini kwenye majabali hawajui sana shida hii, lakini sisi wa huku juu ya uwanda wa Wamakonde tunaijua. Mchanga wetu ni mzuri kwa mkorosho na mbaya kwa maji: mvua ikinyesha, maji huzama mara moja kwenda chini sana, wala hayabaki mito wala vijito. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 pamekuwa na mradi wa maji wa Makonde, wa kuyavuta maji kutoka bondeni, Mitema, na kuyapandisha kwa pampu hadi uwandani. Na ndiyo maana kila nyumba yenye bati huku kwetu ina mfereji na pipa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Ukifika mwezi wa nane, shule yenye tangi inataka kujua jambo moja tu: yamebaki kiasi gani? Kwa sasa jibu hupatikana kwa kijana mmoja kupanda ngazi na kuteremsha kamba yenye jiwe. Wakati mwingine hapandi mtu kwa wiki mbili. Ndipo siku moja asubuhi bomba linatoa upepo, na darasa zima linabeba ndoo badala ya vitabu.

Sasa, maikrokontrola ni nini? Wanafunzi, msiitafute mbali. Tazameni mita ya LUKU ukutani. Mnaponunua umeme mnapewa tarakimu 20, mnazibonyeza, na mita inakubali au inakataa. Haipigi simu kumwuliza mtu. Ndani yake kuna kompyuta nzima katika kipande kimoja kidogo, yenye ufunguo wake wa siri, inayozifumbua tarakimu zile, kuongeza uniti, na kuhesabu kila uniti inayotumika. Hiyo ndiyo maikrokontrola: kompyuta isiyo na kioo wala kibodi, iliyopewa kazi moja na kuachiwa. Imo pia katika mizani ya dijitali inayopima korosho ghalani, katika simu, katika redio, katika pikipiki mpya. Mkulima wa Newala anayepewa stakabadhi ya ghala tayari amekwisha hukumiwa na maikrokontrola juu ya kilo zake. Mimi naona si vema vijana wake wasijue kitu hicho hufanyaje kazi.

Bodi tulizonunua zinaitwa Nucleo, zimetengenezwa na kampuni ya STMicroelectronics. Kichipu chake kikuu, STM32F401RE, ni mraba wenye upande wa sentimita moja na miguu 64. Hupiga hatua milioni 84 kwa sekunde. Kina kilobaiti 512 za kutunzia programu, na kilobaiti 96 za kufanyia kazi. Kwa kulinganisha, kompyuta iliyowaongoza wale watu wa Apollo 11 kutua mwezini mwaka 1969 ilikuwa na kama kilobaiti 4 tu za kufanyia kazi. Na bei ya bodi moja huko inakotoka haifiki dola 20 za Marekani. Nawaomba mkumbuke bei hiyo. Nitairudia nitakapofika kwenye leja.

Huitwa bodi ya majaribio kwa sababu mtengenezaji amekiweka kichipu tayari pamoja na taa, vitufe na mpango wa umeme, ili mhandisi akijaribu kabla hajaamua kukitumia katika chombo chake mwenyewe. Kwa kweli bodi hii ina kompyuta mbili. Sehemu ya juu, yenye tundu la waya wa USB, inaitwa ST-LINK. Kazi yake ni kupokea programu kutoka kompyuta kubwa na kuiandika katika kichipu cha chini. Mfikirieni kama kiranja anayeleta barua kutoka ofisini. Ukitaka, unaweza hata kumkata kiranja kwa kuvunja bodi katika mstari uliochongwa, naye wa chini akaendelea kuishi peke yake. Lakini nawasihi msifanye hivyo leo.

Nije kwenye umeme, maana huko ndiko vifo vilikotokea.

Kuna maneno mawili ambayo kila mwanafunzi huyakariri na wachache huyaelewa: volti na ampea. Turudi Mitema. Pampu ya bondeni inasukuma maji yapande ukingo wa uwanda; nguvu ya msukumo huo ndiyo mfano wa volti. Wingi wa maji yanayopita katika bomba kwa dakika ndiyo mfano wa ampea. Sasa chukua bomba la plastiki la bustanini ulifunge moja kwa moja kwenye bomba kuu la pampu: litapasuka, hata kama ulitaka kikombe kimoja tu cha maji. Msukumo ndio ulioua. Lakini tangi likiwa kubwa mno, lenye maji ya kutosha mji mzima, bomba lako halidhuriki kwa ukubwa wa tangi. Unafungua koki, unachota kikombe chako, basi.

Nasema hivi kwa sababu nimesikia hapa shuleni, na hata kwa mafundi wa Masasi mjini, kwamba chaja ya ampea 2 itaunguza bodi inayohitaji ampea sehemu moja ya kumi. Hapana. Bodi huchota mkondo inaouhitaji. Chaja ya volti 5 yenye uwezo wa ampea 2, au 3, au 10, haina tofauti kwake. Kinachoua ni volti zikizidi, au chanya na hasi zikibadilishana mahali, au shoti.

Jana jioni nilizipima zile bodi mbili kwa mita. Ya kwanza, kidhibiti chake cha volti kimepasuka juu kama punje ya mahindi. Nikauliza iliunganishwa na nini. Jibu: na paneli ya jua "ya volti 12". Haya, wanafunzi, chukueni mita wenyewe mpime paneli ile ya juu ya paa saa sita mchana ikiwa haijaunganishwa na kitu. Mtasoma kama volti 21 au 22. Neno "12" lililoandikwa nyuma yake lina maana kwamba paneli hiyo ni ya kuchajia betri ya volti 12, halina maana kwamba ndiyo inayotoka. Tundu la bodi linaloitwa VIN linakubali kuanzia volti 7 hadi 12, si zaidi. Hapo hamhitaji mpelelezi.

Ya pili ina kisa tofauti. Ilipewa betri, wala haikupewa paneli, na betri ya volti 12 ikipumzika huwa na kama volti 12.6. Wakati inachajiwa hupanda hadi 14 na zaidi. Hiyo peke yake tayari ni nje ya mpaka wa VIN. Lakini waya haukuchomekwa katika VIN, ulichomekwa katika tundu la volti 5, lisilo na kidhibiti chochote cha kuupokea umeme huo. Volti zote ziliingia moja kwa moja mahali panapotakiwa 5. Sitauliza ni nani aliyefanya. Matundu hayo yamekaa karibu kama meno, na maandishi yake ni madogo kuliko yale ya nyuma ya kiberiti.

Kwa hiyo hapana bodi iliyokufa kwa uchawi wala kwa ubovu wa mali. Zimekufa kwa kupewa umeme usio wake, na hilo laweza kuzuiwa kwa mita ya bei ndogo na desturi ya kupima kabla ya kuunganisha.

Sasa nionyeshe namna ya kuiwasha. Kijana wa kidato cha tatu uliyekaa hapo mbele, njoo. Ndiyo, wewe.

Kwanza meza. Bodi hii ina sindano za chuma zilizotokeza upande wa chini. Ukiiweka juu ya meza ya chuma, au juu ya bati, au juu ya sarafu iliyosahauliwa, sindano zinaunganishwa na umepata shoti kabla hujaanza. Mbao au kitabu kinatosha. Toa pete na saa kama unazo.

Pili, kabla ya waya wowote, tazama vile vikofia vidogo vyeusi vinavyounganisha sindano mbilimbili. Mafundi huviita jampa. Kuna kimoja kimeandikwa JP5. Kikiwa upande wa U5V, bodi hupata umeme kutoka waya wa USB. Kikiwa upande wa E5V, hupata kutoka nje. Leo tunaanza na U5V. Viwili vilivyoandikwa CN2 viwepo vyote viwili, la sivyo kiranja hawezi kusema na kichipu. Kile cha JP1 kiwe kimetolewa. Na kile cha JP6 kiwepo. Hiki cha mwisho kinastahili neno: umeme wote wa kichipu hupita hapo, ili mtu aweze kukitoa na kuweka mita yake kupima mkondo. Mtu akikitoa akakisahau mfukoni, taa nyekundu ya umeme itawaka vizuri kabisa na kichipu kitakuwa maiti. Watu wamepoteza siku nzima wakitafuta kosa katika programu.

Tatu, waya. Tundu hili ni la USB ya umbo la zamani kidogo, lile lililotumiwa na kamera, wala si la simu za sasa. Pale Masasi waya huo hupatikana, ila kuna jambo: nyaya nyingi za bei nafuu ni za kuchajia tu; ndani yake zimo nyuzi mbili za umeme, na zile mbili za kupitishia habari hazimo. Kwa nje ni sawasawa. Waya wa namna hiyo, au chaja ya simu iliyochomekwa ukutani, huleta hali ya ajabu. Taa ya ST-LINK, LD1, itapepesa, lakini taa ya umeme, LD3, haitawaka, na mwanafunzi atasema bodi imekufa. Haijafa. Kiranja anapoamka, kwanza huiomba kompyuta ruhusa ya kuchukua miliampea 300. Akijibiwa ndiyo, ndipo hufungua umeme kwa bodi yote. Chaja haina ulimi, haiwezi kujibu. Kwa hiyo hakuna umeme. Mimi nimeuona uamuzi huo wa mtengenezaji kuwa wa adabu sana: kuomba kabla ya kuchota.

Chomeka sasa. Angalieni. LD3 nyekundu imewaka. LD1 ilipepesa kisha ikatulia, maana yake kompyuta na kiranja wamesalimiana. Na ile ya kijani, LD2, inapepesa, kwa sababu kiwandani waliacha ndani yake programu ndogo ya kuonyeshea. Bonyeza kitufe cha buluu. Mmeona? Mwendo wa kupepesa umebadilika. Bonyeza tena. Hapo kichipu kimeusoma mguu wake mmoja, kimeamua jambo, na kimeamuru mguu mwingine. Mita ya LUKU haifanyi jambo jingine katika asili yake; ni wingi tu wa mambo hayo hayo.

Na kwenye kompyuta bodi imejitokeza kama diski ndogo ya kuhifadhia. Programu iliyokwisha tayarishwa unaiburuta na kuidondosha humo, kama unavyonakili wimbo kwenye flashi, nayo inaandikwa katika kichipu. Hilo ni muhimu kwetu, kwa sababu programu kubwa za kutayarishia kazi hizi zina uzito, na kuzishusha kwa intaneti ya simu ni gharama. Nimezileta kwenye flashi kutoka Dar es Salaam. Nitamwachia mwalimu wa Fizikia.

Lakini tangi liko nyuma ya bweni, wala hapana kompyuta huko, na umeme wa ukutani nao una siku zake. Kwa hiyo bodi itaishi kwa betri ya jua, na hapo ndipo inabidi kufuata utaratibu. Betri ichajiwe na paneli kupitia kontrola ya chaji. Kutoka betri, umeme upite kwenye fyuzi, kisha kwenye kipunguza volti cha kubadili 12 kuwa 5. Upime kwa mita: tundu la E5V linataka kati ya 4.75 na 5.25. Ukishaona 5 kwenye mita, ndipo uhamishe jampa ya JP5 kwenda E5V, uunganishe, uone LD3 imewaka. Na kama unataka pia kuchomeka waya wa USB ili kurekebisha programu, uchomeke mwisho, baada ya umeme wa nje kuwaka. Utaratibu huo usigeuzwe.

Mtu ataniuliza: kwa nini tusitumie VIN, ambayo ina kidhibiti chake ndani, tukahakikisha betri haizidi 12? Kwanza mmesikia kwamba inazidi. Pili kidhibiti kile hupunguza volti kwa kuzigeuza joto. Kutoka 12 hadi 5 ni volti 7 za kutupa. Zizidishe kwa robo ampea, unapata wati 1.75 zinazochemka katika kipande kidogo kuliko punje ya korosho. Mtengenezaji mwenyewe anakataza kuchota zaidi ya miliampea 250 hapo volti zikikaribia 12. Kipunguza volti cha nje hupoteza kidogo sana, na katika kazi ya betri kila wati ina thamani.

Wanafunzi wa kidato cha nne, andikeni hesabu hii. Tuseme bodi na kipimo chake vinatumia miliampea 100 kwa volti 5. Hiyo ni nusu wati. Kwa saa 24 ni watisaa 12. Betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile ya kwenye ving'ora, ina watisaa 84. Betri ya risasi haipendi kumalizwa; tumia nusu, 42. Kipunguza volti kitakula kama asilimia 15, zibaki karibu 36. Gawanya kwa 12: siku tatu bila jua hata kidogo. Siku tatu za mawingu mfululizo kwetu zipo mwezi wa kwanza, lakini mwezi wa kwanza tangi limejaa, wala hapana mwenye wasiwasi nalo. Mwezi wa nane jua lipo tele.

Kipimo chenyewe hutumia sauti. Kinakaa chini ya mfuniko wa tangi, kinapiga mlio usiosikika na sikio la mtu, kinasubiri mwangwi kutoka uso wa maji. Tunajua mwendo wa sauti, tunapata umbali. Nunueni ile aina iliyofunikwa isiyopitisha maji, kwa sababu ndani ya tangi kuna mvuke. Ila isifungwe karibu mno na maji, maana haioni kitu kilicho chini ya kama sentimita 25. Vilevile vipimo hivi hujibu kwa volti 5, na kichipu chetu ni cha volti 3.3. Baadhi ya miguu yake huvumilia 5, mingine haivumilii. Tusibahatishe: rezista mbili, ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2, zinaigawa 5 kuwa 3.33, na mwanafunzi amepata mfano hai wa kanuni ya Ohm.

Na Fizikia haiishii hapo. Sauti huenda mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, lakini ikiwa nyuzi 30 huenda 349. Mkisahau joto, katika umbali wa mita 3 mtakosea kwa sentimita 5. Tangi letu lina nusu kipenyo cha mita moja na nusu. Fanyeni hesabu ya eneo, mtaona sentimita moja ni lita 70 hivi. Sentimita 5 ni lita 350, ndoo 17 za lita ishirini. Ndiyo maana nataka jambo hili lifanywe na wanafunzi wenyewe, wala si fundi wa kuja siku moja na kuondoka. Fundi ataweka namba. Mwanafunzi atauliza namba imetoka wapi.

Sasa leja. Hapa nasema kama mtumishi wa Serikali ambaye mezani kwake kuna faili nyingi kuliko nyaya. Nilipomwuliza mwalimu mhusika kwa nini bodi zimefungiwa, hakuniambia kwamba haamini vijana. Alinionyesha leja. Bodi zimeingizwa humo kama mali ya kudumu, pamoja na meza, makabati na ile mashine ya kudurufu. Mali ya kudumu ikipotea au ikiharibika, huandikwa taarifa, huundwa kamati, na mwalimu anaweza kudaiwa. Mbili zimekwisha kufa naye anazo karatasi tatu za kujaza. Mwalimu yeyote mwenye akili timamu atafunga kabati. Mimi ningefunga makufuli mawili.

Lakini neli za Kemia hazikuandikwa huko. Neli ikivunjika, hufagiwa, huandikwa katika daftari la maabara, na darasa linaendelea. Hapana mwalimu wa Kemia anayefungia neli ili zisivunjike. Bodi ya dola 20 ambayo kazi yake kwa asili ni kujaribiwa, kukosewa na kurudiwa, mahali pake ni pamoja na neli. Hoja yangu kwa mkutano wa alasiri ni hiyo: kwanza, chama chetu, ambacho ndicho kilichotoa zawadi hii, kimwandikie Mkuu wa Shule barua kwamba tumezitoa kama vifaa vya kutumika, na kwamba tunatarajia zife mbili au tatu kila mwaka. Pili, fedha zilizosalia zinunue mita nne za kupimia, kontrola moja ya chaji, betri moja, vipunguza volti vitano na fyuzi za kutosha, kabla ya kununua bodi nyingine hata moja. Umeme ndio uliotushinda, tuanzie kwenye umeme. Kikibaki kitu, jezi.

Wako wazee hapa watakaosema kwamba nchi hii ilikwisha kuumwa na kompyuta. Ni kweli, na wana haki ya kukumbuka. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 ikatolewa amri ya kupiga marufuku kuziingiza nchini, baada ya gharama kuonekana kubwa na manufaa madogo. Mashine zile zilijaza chumba, zilitaka wataalamu wa kigeni, na aliyezitumia hakuruhusiwa kufungua mfuniko. Sioni kama amri ile ilikuwa ya kijinga kwa wakati wake. Hizi za leo zinaenea katika kiganja, na mfuniko hazina.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na naona mpishi ananitazama. Mwalimu amekubali kutoa ufunguo hadi saa nane. Bodi nane zitakuwa juu ya meza hizi za mbao, lakini nyaya zenye nyuzi nne nimepata tatu tu, kwa hiyo tutaingia kwa zamu: kidato cha tatu kwanza, kisha cha nne, kisha wanafunzi wa zamani, ambao naomba waache vikombe vya chai nje. Mita ziko mbili, moja yangu na moja ya shule. Kila kundi lipime kwanza volti za waya wake, liandike ubaoni, ndipo lichomeke.